Mjane wa Daftari

Cadija binti Muhamudo alikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa na hajawahi hata siku moja kulitoa jina la mumewe kinywani. Si kwamba alilisahau. Kwao pwani, kaskazini ya Mocímboa, mama yake alimfunza mapema kwamba mke mwenye adabu hamtaji mumewe, na mume akiwa safarini au matatani ndiyo kabisa, maana kumtaja ni kumwonyesha kidole mbele ya mauti. Basi alimwita Baba Zaina, kwa jina la binti yao aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, na akikasirika naye alimwita "bwana yule". Kusema "Ossufo" ilikuwa kazi ya watu wengine.

Na kazi hiyo, tangu walipohamishiwa ndani ya waya, aliifanya Luzia.

Kijiji chenyewe Wareno walikiita aldeamento. Jina refu kwa jambo fupi: nyumba za udongo mia mbili kwenye njia ya Awasse, zimepangwa kwa mistari utadhani mihogo, waya wa miiba pande zote, lango moja, na masipai wawili, askari weusi wa serikali, wenye bunduki langoni. Watu wa pwani na watu wa uwanda wa juu, Waislamu na Wakristo, walisukumiwa humo kwa pamoja ili watu wa Frente, wapigania uhuru walioko msituni, wasipate wa kuwapa chakula. Kila asubuhi, ukitaka kwenda shambani, unasimama langoni na kuulizwa: jina lako nani, mke wa nani, unarudi lini.

Siku ya kwanza Cadija alipoulizwa mke wa nani aliinama akatazama vidole vya miguu yake. Sipai akarudia kwa sauti. Cadija kimya. Hapo ndipo mwanamke mmoja Mmakonde, mfupi, mwenye chale mashavuni na kisalaba shingoni, alipopaza sauti kutoka nyuma ya foleni.

"Mke wa Ossufo Momade! Nyumba ya tatu karibu na choo. Andika, usimkodolee macho mke wa mtu!"

Huyo ndiye Luzia. Kuanzia siku ile hawakuachana. Cadija akisimama langoni, Luzia yuko nyuma yake. Cadija akienda kuchukua mgao wa chumvi, Luzia yuko nyuma yake, na jina linatoka kwa Luzia kwa furaha kama mtu anayeita mnada. Wakiwa njiani alikuwa akimtania.

"Jina tamu namna hii mnaliogopea nini, Mama Zaina? Lingekuwa la mume wangu ningelitafuna kama kashata."

"La mumeo lilikuwa lipi?"

"Bernardino. Gumu. Lilinivunja meno mpaka akafa mwenyewe."

Wakacheka. Katika mahali pale pa kufungiwa kama kuku, kicheko kile kilikuwa mali.

Kilichowafunga zaidi ni unga. Luzia alikuwa na kaka yake msituni, Manuel, na mwaka wa sabini na mbili Manuel alituma salamu kwamba yeye na wenzake wana siku nne wanakula mizizi. Luzia hakuwa na mwanamume wa kumtuma. Ossufo, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo mpana, alisema tu, "Lete huo unga." Alitoka nao safari mbili. Ya tatu wakamkamata kwenye korongo, nusu gunia kichwani. Alipigwa siku mbili mbele ya lango, watu wote wanaona, aseme unga ni wa nani na unakwenda kwa nani. Akasema ni wake na alikuwa anautupa. Hakumtaja Luzia. Walimpeleka gereza la Mocímboa bila hukumu, na miaka miwili ikapita Cadija hajamwona hata kivuli.

Luzia hakusema asante, kwa sababu asante ya jambo kama lile haipo. Alichofanya ni kuendelea kusimama nyuma ya Cadija kila foleni, na kulitaja jina kwa sauti ileile, ingawa sasa masipai walimtazama vibaya.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi mwezi wa nne mwaka wa sabini na nne, wanajeshi wa Lisboa walipowapindua wakubwa wao wenyewe.

Habari ziliingia ndani ya waya vipande vipande. Kuna jenerali amekaa kitini. Vita vinakwisha. Vita haviishi. Watu wa makoloni wataulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kubaki na Ureno katika nyumba moja au wanataka njia yao. Wazee waliokuwa wamelimishwa pamba kwa viboko miaka thelathini wakaulizana: sisi, tuulizwe? Waliona ni kichekesho, kisha wakaona si kichekesho, kisha wakaanza kugombana.

Mwezi wa sita akaja Armando.

Armando huyu alikuwa karani wa ghala la pamba, mwana wa hukohuko bara, amesoma misheni. Sasa alishuka kwenye gari la serikali akiwa amevaa suti na kiatu kinachong'aa, kipaza sauti mkononi, na kila mtu akaelezwa kwamba huyu ni kiongozi mpya wa chama kipya, atakayetusemea. Nani alimchagua? Swali hilo liliulizwa kwa chini sana. Lakini mtu huyo alijua kuzungumza, tusimnyime haki yake.

"Mama zangu, baba zangu," alisema, "mmechoka. Nami nimechoka. Frente wanataka bunduki iamue. Mimi nasema kidole kiamue! Jiandikisheni kura. Tutasema ndiyo kwa amani, tutajitawala taratibu, bila kumwaga damu tena. Na wenye watu wao ndani, sikilizeni vizuri. Daftari la kura ndilo litakalotumika kuwatoa wafungwa. Mke atampokea mumewe, mama atampokea mwanawe, mkono kwa mkono. Asiye na mtu daftarini, nani atampokea?"

Cadija alisikia maneno hayo ya mwisho tu. Yaliyotangulia yalimpita. Alirudi nyumbani akafagia uwanja, akafagia tena, akatoa kanzu ya Ossufo sandukuni akaianika. Mfa maji hukamata maji, na yeye alikuwa amezama miaka miwili.

Jioni ile msitu nao ukajibu. Haikujulikana nani alileta ujumbe, lakini kufikia magharibi kila nyumba ilikuwa nao: asiandikishwe mtu. Atakayetia dole gumba kwenye daftari la Armando ameuza nchi, na siku ikifika ataulizwa.

Kijiji kikapasuka katikati. Ndugu wa tumbo moja wakagawana jiko. Msikitini, uliokuwa kibanda cha makuti, wa kujiandikisha walikaa kulia na wa kutojiandikisha kushoto, na imamu akawa anatoa salamu upande mmoja kwa nguvu na upande wa pili kwa haraka. Kanisani kwa Luzia ilikuwa hivyohivyo. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi sasa waliazimana matusi.

Luzia alikuja kwa Cadija kesho yake asubuhi na mapema, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mama Zaina, nimesikia unakwenda."

"Nakwenda."

"Usiende. Armando ni mbuzi wa serikali, kamba iko shingoni, wewe huioni? Mtu haulizwi kama mama yake ni mama yake. Na nchi ndiyo hivyo."

"Mie sikuulizwa habari ya nchi. Nimeambiwa Baba Zaina anatoka."

"Anakudanganya! Frente iko karibu kuingia, Manuel kasema, miezi mitatu, minne. Milango ya gereza itafunguliwa yote. Ngoja."

"Umengoja wewe?" Cadija alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Weye unangoja nini? Mumeo yuko kaburini, hatoki. Kaka yako yuko msituni kwa hiari yake, anakula. Anakula unga aliobebewa na Baba Zaina! Wangu mie alikwenda kwa ajili yenu, amevunjwa mbavu kwa ajili yenu, na leo unanijia hapa asubuhi kuniambia ningoje?"

Luzia alisimama, akajipangusa vumbi la kinu, akatoka. Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Cadija siku ile ulivunja kitu, na alijua umekivunja hata kabla mgeni wake hajafika kwenye kona ya nyumba. Alitaka kumfuata. Akajiambia, Baba Zaina akisharudi watamwendea wote wawili, na mambo yatanyooka yenyewe.

Siku ya kujiandikisha meza iliwekwa mbele ya nyumba ya sipai mkubwa. Karani alikuwa kijana wa Beira, mgeni, hajui Kimwani, hajui Kimakonde, Kiswahili amekisikia kwa mbali. Kando yake sipai mmoja wa Kimakua akimtafsiria kwa uvivu wa mtu anayelipwa vilevile akifanya vizuri au vibaya. Foleni ilikuwa ndefu. Ng'ambo ya uwanja walisimama wasiojiandikisha, mikono kifuani, wakiwatazama wenzao mmoja mmoja. Luzia alikuwa miongoni mwao. Cadija alimwona, na Luzia akatazama pembeni.

Ilipofika zamu yake, jina lake alilitaja, na la baba yake, na la kijiji walichohamishwa. Karani akaandika. Kisha akauliza kitu, na sipai akatafsiri.

"Jina la mume?"

Cadija, kwa mazoea ya miaka minne, akanyamaza na kungoja sauti kutoka nyuma.

Nyuma hapakuwa na sauti. Nyuma yake alikuwapo mzee mmoja wa Pundanhar, na nyuma ya mzee kulikuwa na jirani zake watatu, wote wanalijua jina kama wanavyojua la baba zao. Lakini kulitaja jina la mtu aliyefungwa kwa ajili ya unga wa msituni, mbele ya sipai, kwa hiari yako, ni kujitafutia maswali. Wakatazama ardhi.

"Jina la mume, mama!"

"Baba Zaina," alisema Cadija.

Sipai akatafsiri. Karani akatikisa kichwa, akasema jambo, sipai akalirudisha. "Hilo si jina. Jina lake lililoandikwa."

Alifungua kinywa. Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno, silabi tatu tu. Akamwona Ossufo gizani kwa mbavu zake mbovu, akamwona mama yake akimwambia mume akiwa matatani ndiyo kabisa, na akaogopa. Miaka miwili alikuwa ameshindwa kumfanyia mumewe jambo lolote, hakumpelekea chakula, hakumfulia nguo, hakumkanda maumivu. Kutomtaja ndiyo hifadhi pekee aliyobaki nayo ya kumpa. Leo amvunjie hiyo nayo, mbele ya sipai, karibu na mlango wa kutokea?

"Ninaye mume," alisema. "Yuko gerezani Mocímboa. Mumuulize huko, wanaye, wanamjua."

Sipai akapiga miayo, akatafsiri nusu. Karani alikuwa na fomu yenye visanduku vitatu, na jua lilikuwa limemfika shingoni. Kisanduku cha kwanza cha mwanamwali, huyu si mwanamwali. Cha pili cha mke, na mbele yake mstari wa jina la mume, nao hauwezi kubaki mtupu, mkubwa wake alishamgombeza jana kwa mistari mitupu. Cha tatu hakikuwa na mstari. Akaandika neno moja kwenye kisanduku cha tatu, akamshika Cadija mkono, akakibonyeza kidole chake kwenye wino na kwenye karatasi. Akampa kadi. "Anayefuata."

Cadija aliondoka ameikumbatia kadi. Hajui kusoma. Alijua tu kwamba amevuka, na kwamba amevuka bila kumtaja, na akamshukuru Mungu kwa mambo yote mawili. Maskini wa Mungu, alilala siku ile kwa raha.

Wiki tatu baadaye lori lilikuja. Armando alikuja nalo, suti ileile, na watu wakatoka hata wale wa kushoto, kwa sababu ya kutaka kuona. Wafungwa kumi na mmoja walikuwa nyuma ya lori, wamenyolewa, wamekonda, wanafinya macho kwa jua. Karani wa Beira akasoma jina la mke, mke akajitokeza. Akasoma jina la mume, mume akashuka. Mkono kwa mkono, kama alivyosema Armando. Tusimnyime na hilo. Vigelegele vilipigwa. Mama mmoja alimbeba mwanawe mgongoni, mtu mzima wa ndevu, akazunguka naye uwanja mzima.

Cadija alisimama mbele kabisa, amevaa kanga mpya. Alihesabu walioshuka. Aliposhuka wa kumi na moja akaendelea kutazama ndani ya lori, kwenye mbao tupu, kwa muda mrefu.

Alimshika mkono mmoja wa waliotoka. "Baba Zaina yuko wapi?"

"Yu hai, mama. Tulikuwa naye chumba kimoja. Wamesoma daftari asubuhi, wenye watu wao watoke. Jina lake halikutoka."

"Lakini mie nimejiandikisha! Hii hapa kadi!"

Alimfuata Armando, Armando akawa anapanda gari. Alimfuata karani, sipai akamzuia kwa mtutu. Akabaki katikati ya uwanja na kadi mkononi, huku watu wakiondoka na watu wao, na hakuna aliyemtazama usoni, kwa kuwa furaha ina haya ya kumtazama mtu wa namna ile.

Aliyemjia ni Luzia. Aliichukua ile kadi mkononi mwake. Luzia alikuwa amekaa misheni miaka miwili utotoni, na herufi alizijua kwa kuzipapasa. Alisoma jina. Alisoma kijiji. Kidole chake kikafika chini, kikasimama.

"Wameandika nini?" Cadija aliuliza.

"Nani alikutajia jina lake, siku ile?"

"Hakuna. Wameandika nini, Luzia?"

"Mjane," alisema Luzia, akakaa chini kwenye vumbi. "Wamekuandika mjane."

Walikwenda Mocímboa pamoja. Ilichukua siku nane kupata barua ya ruhusa ya kutoka, na siku mbili barabarani, juu ya magunia ya muhogo, nyuma ya msafara wa wanajeshi ambao sasa hawakuwa wakipiga risasi wala kupigwa, walikuwa wakivuta sigara tu. Njiani hawakuzungumza sana. Luzia alisema mara moja, "Nilikuona ukinyamaza. Nilikuona kabisa. Nikasema moyoni, akajifunze." Cadija hakujua atamsamehe vipi mtu ambaye yeye mwenyewe hajamwomba msamaha.

Ofisini, karibu na bandari, walimkuta yule kijana wa Beira anafunga makaratasi kwa kamba. Cadija akasogea mpaka mezani, akaweka kadi, na bila kungoja aulizwe akasema:

"Mume wangu ni Ossufo Momade."

Sauti haikuwa yake. Ilitoka nene, na baada ya hapo akajiona kama aliyevuliwa nguo sokoni. Luzia akamshika kiwiko. Akalirudia. "Ossufo Momade. Andika."

Karani akamtazama kwa huruma fulani, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na tafadhali tusimfanye mbaya. Alikuwa kijana aliyechoka mwenye visanduku vitatu. Akaeleza kwa Kireno cha polepole, na Luzia akashika anachoshika. Kura ya maoni haipo tena. Lisboa wamebadili mawazo; watazungumza na Frente wenyewe kwa wenyewe, nchi itapewa Frente. Daftari limefungwa. Halina kazi. Hawezi kulifuta neno wala kuliongeza.

"Kama halina kazi," Cadija alisema, "si anifutie hilo neno? Litamdhuru nani?"

Luzia akatafsiri. Karani akanyoosha mikono. Daftari lilishapelekwa Porto Amélia kwa meli, tangu juzi.

Basi kile kilichowagawa ndugu, na kuitia shoka misikiti na makanisa, kilikuwa kimekufa, na wala hakikuzikwa. Upande wa Luzia ulikuwa umeshinda. Luzia alisimama pale ameshinda, kichwa chini.

Gerezani mlinzi hakuwaruhusu kuingia. Siku za kutazama wafungwa, alisema, ni za wenye hati ya ndugu. Hati ya Cadija inasema hana mtu. Waliacha kikapu: mikate ya mchele, samaki mkavu, pakiti ya tumbaku. "Mwambie kimetoka kwa mkewe," alisema Cadija. Mlinzi akapokea kikapu. Wakarudi.

Mwezi wa tisa mkataba ukatiwa saini huko Lusaka. Waya wa miiba ulikatwa kwa mapanga, masipai wakavua sare wakaingia mitaani na mashati ya raia wakijifanya hawamjui mtu. Armando alikuwa ametoweka na gari. Manuel alitoka msituni na bendera, amekonda, akacheka mpaka akalia. Na gereza la Mocímboa likafunguliwa, milango yote, bila daftari, kama Luzia alivyosema litafunguliwa.

Cadija alianika ile kanzu tena. Siku ya kwanza haikuleta mtu, wala ya pili. Siku ya tano akaja mwanamume asiyemjua, mrefu, mwenye kikohozi, akabisha hodi kwa adabu na kukataa kuingia ndani. Wakamtandikia mkeka barazani. Luzia alikuwapo, sasa alikuwapo kila siku, anachambua mchele pembeni.

"Mie naitwa Buanali," alisema mgeni, "mtu wa Pundanhar. Nilikuwa na Ossufo miezi kumi na minne, mkeka mmoja. Nimepewa amana yako, dada yangu, na amana haikai. Nisamehe."

"Yu hai?"

"Yu mzima. Amevuka Ruvuma, kaenda kwa binti yenu."

Cadija akashusha pumzi aliyoishika miaka miwili. "Kwa nini hakuja hapa kwanza?"

Buanali akakohoa, akafuta mdomo. "Siku ile wenzetu walipoitwa, lori lilipokwisha ondoka, akamuuliza karani wa gereza: mke wangu hakujiandikisha? Karani akafungua nakala ya daftari akatazama. Akasema, yupo, Cadija binti Muhamudo. Amejiandika mjane." Alitazama mikono yake. "Ossufo hakupiga kelele. Alikaa mpaka alasiri. Kisha akaniita mie na mwenzetu Assane tuwe mashahidi. Akasema, miaka miwili ni mingi kwa mwanamke, huenda amepata mtu, nami simlaumu, na sitaki aishi kwenye dhambi kwa ajili yangu. Akakuacha."

Luzia aliacha kuchambua mchele.

"Moja?" aliuliza Cadija.

"Tatu, dada yangu. Tulimwambia moja inatosha, moja inarejeka. Akasema hapana, tatu, ili huyo atakayekuoa asiwe na wasiwasi." Akahesabu kwa vidole, mtu mwema, anataka kuifikisha amana kamili. "Eda yako imebaki siku kama kumi na tano. Na kile kikapu kilifika, ila mlinzi alisema tu kimetoka kwa Cadija. Alikula, akakuombea dua. Alisema, ameniacha lakini hajanisahau, ni mwanamke mwema."

Ilikuwa imeshamfika, lakini Cadija alihangaika nayo kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Mie simtaji," alisema. "Wote wanajua simtaji! Karani hakupata jina ndiyo akaandika lile neno. Hamkumwambia? Hakuna aliyemwambia hivyo?"

"Nilimwambia mie mwenyewe," alisema Buanali. "Mke wangu na yeye hanitaji, nalijua jambo hilo. Nikamwambia, Ossufo, usifanye haraka, pengine mwenzio ameona haya mbele ya karani. Akatikisa kichwa. Akasema, hapana, Luzia angelitaja. Mke wangu hasimami kwenye foleni bila Luzia. Kama jina halikutajwa, wamekubaliana wote wawili lisitajwe."

Nje watu walikuwa wakiimba, wanapita na bendera kwenda uwanjani, na wimbo ule ukachukua muda kupita. Buanali alingoja utulie. Kisha, kwa kuwa ndilo jambo pekee katika habari yote ambalo hakulielewa, akauliza:

"Huyo Luzia ndiye nani? Siku ile alikuwa wapi?"

Ungo wa mchele ulikuwa umetulia magotini pa Luzia, na mikono yake imo ndani ya mchele. Hakuinua kichwa.

"Nilimfukuza," alisema Cadija. "Nilimfukuza mie mwenyewe, hapa hapa, kwa mdomo wangu."